Neno Moja Katika Magazeti ya Boston, 1740–1745

Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa wanapofika kwenye Uamsho Mkuu wa Marekani, hukumbuka mahubiri ya George Whitefield na umati uliomfuata, kisha huendelea mbele. Tungependa wasimame kidogo kwenye magazeti ya wakati ule, na hasa kwenye neno moja la Kiingereza lililotumika humo kama silaha, yaani 'enthusiasm'.

Leo neno hilo ni la sifa. Mwenye nalo ana ari na moyo wa kazi. Haikuwa hivyo mwaka 1740, Whitefield alipofika New England. Asili yake ni Kigiriki, nalo lilimhusu mtu ambaye mungu yu ndani yake. Lakini katika Kiingereza cha karne ya 17 na ya 18 lilimtaja mtu anayedhani kwamba Mungu anasema naye moja kwa moja, kumbe ni fikra zake mwenyewe zinazochemka. Kiswahili nacho kina neno lililosafiri mbali: jazba, ambalo katika Kiarabu lilikuwa kuvutwa na Mungu, siku hizi huwapanda mashabiki wa mpira.

Thomas Fleet, mchapaji wa Boston Evening-Post, hakuupenda uamsho, na gazeti lake likawa uwanja wa wapinzani. Aliyelipa neno hilo uzito wa kitheolojia ni Charles Chauncy, mchungaji wa Kanisa la Kwanza la Boston. Katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1742 alikiri kwamba asili ya neno ni njema. Kisha akalieleza kuwa ni ugonjwa, namna ya wazimu, akazitaja na dalili zake: macho yasiyotulia, ulimi usiozuilika, mwili kutetemeka. Tazama jinsi hoja ilivyohama. Swali la iwapo mhubiri anasema kweli limegeuka kuwa swali la afya yake. Mwezi Desemba 1744 walimu wa chuo cha Harvard walitoa tamko dhidi ya Whitefield, na shtaka lao la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Hatusemi kwamba Chauncy alipigana na kivuli. James Davenport, mchungaji aliyetoka Southold, Long Island, aliwatangaza wachungaji wenzake hadharani kuwa hawajaongoka. Machi 1743, huko New London, aliwaongoza wafuasi wake kuchoma vitabu vya walimu wacha Mungu, na kesho yake wakakusanya nguo za fahari ili nazo zichomwe. Kwa wapinzani wa uamsho, kisa hicho kilikuwa karamu. Waliouunga mkono nao walikuwa na gazeti lao la kila juma, The Christian History, lililotoka Boston kuanzia Machi mwaka ule hadi mapema 1745, likijaa taarifa za wachungaji kuhusu sharika zao. Jonathan Edwards alijibu kwa vitabu: kutetemeka kwa mwili, alisema, hakuithibitishi kazi ya Roho wala hakuikanushi.

Kwetu Walutheri jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa neno hilo limo katika vitabu vyetu vya ungamo. Katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537, Luther alilitumia dhidi ya waliojivunia Roho pasipo Neno la nje, akimtaja Müntzer. Lakini papo hapo alimtupia na Papa, aliyedai kwamba sheria zote zimo kifuani mwake. Wala hatujasikia kwamba Papa yule alikuwa akigaagaa chini! Kipimo cha Luther kilikuwa Neno. Sauti na jasho havikumhusu. Boston walibaki na neno lake, wakakiacha kipimo. Na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipofika Buhaya, wako waliotamka "walokole" kwa sauti ile ile ya Boston. Hata sasa tumewasikia wazee wa usharika wakivipima vikundi vya maombi vya vijana kwa kelele zake tu.

Davenport alichapisha ungamo lake mwaka 1744. Aliyakana aliyoyatenda New London, akakiri kwamba aliongozwa na roho ya uongo. Lakini ungamo hilo alilianza kwa kumshukuru Mungu kwa kazi kubwa aliyoifanya katika uamsho ule ule, na hiyo hakuikana.