Mto Kagera na Adabu ya Njia

Kila nchi ina adabu yake ya njia, na aliyelelewa ndani yake huidhani kuwa ni maumbile. Dereva wa Karagwe, au wa Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, hushika upande wa kushoto bila kufikiri. Akivuka Kagera katika Murongo na kuingia Uganda haoni badiliko. Lakini akishuka kusini mpaka Ngara, akauvuka mto huo huo katika Rusumo, yumo Rwanda, na huko amri ni kulia. Mto ni mmoja, sheria ni mbili. Sababu yake ni nini?

Si tabia ya wenyeji. Zamani njia za nchi hizi zilikuwa za miguu, na adabu zake pia zilihitilafiana. John Speke na James Grant walipopita mwaka 1861, Suwarora wa Usui aliwatoza hongo nzito. Walipoingia Karagwe, Mfalme Rumanyika aliwakirimu kama wageni wake. Hata hivyo njia ya Buganda haikuwa wazi mpaka Mutesa aridhie, na Speke aliondoka Karagwe Januari 1862. Adabu ilibadilika toka milki hata milki, lakini msafiri alimjua mfalme aliyeiweka.

Adabu ya leo iliwekwa na watu wa mbali. Kabla ya vita vya 1914, Karagwe na Rwanda zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita, Wabelgiji walioshika kulia wakapata Rwanda, na Waingereza walioshika kushoto wakapata Tanganyika. Mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliwapa Waingereza hata sehemu ya mashariki ya Rwanda, pamoja na Gisaka, kwa kuwa walitamani reli ya kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Mfalme Musinga alilalamika kuwa ufalme wake umekatwa, na wamisionari wakamwunga mkono. Kufika mwaka 1924 nchi hiyo ilikwisha rudishwa, na Kagera ukawa mpaka. Reli haikujengwa. Kama malalamiko yale yangalipuuzwa, yamkini watu wa Gisaka wangeshika kushoto leo kama jirani zao wa Karagwe.

Jambo hili si la mzaha, maana kosa la upande huchukua roho. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Kigali huvuka Rusumo, na dereva ambaye usukani wake uko kulia akifika ng'ambo hukaa ukingoni mwa barabara. Akitaka kulipita gari jingine, haoni vema lijalo mbele yake. Rwanda ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, shauri la kuhamia kushoto lilizungumzwa. Halikosi mfano: Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967. Lakini kuhama kuna gharama ya magari, alama na mazoea.

Wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hiyo yamtosha dereva, haimtoshi mwanafunzi wa historia. Yeye na aache kusema kwamba jirani hushika upande mbaya. Pande zote mbili tulipewa, na waliotupa hawakutuuliza.