Desibeli: Kwa nini sikio hudhurika kabla ya kuuma

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko wanaishi pamoja; makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Habari nyingi huwafikia kwa njia ya sikio: redio, tangazo la kipaza sauti, jina linaloitwa kwenye foleni. Kwa hiyo anayepoteza uwezo wa kusikia hupoteza zaidi ya raha ya muziki. Hata hivyo, uwezo huo huondoka polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Mipaka ya sikio la binadamu

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi, ndiyo inayofanya sauti iwe nene au nyembamba. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Nje ya mipaka hiyo dunia haiko kimya. Tembo huwasiliana kwa miungurumo iliyo chini ya hezi 20, na popo huwinda kwa milio myembamba mno ambayo sisi hatuisikii. Kadiri umri unavyosonga, binadamu huanza kupoteza sauti nyembamba kwanza.

Ukubwa wa sauti ni jambo jingine, na kipimo chake ni desibeli. Sifuri haimaanishi kwamba hakuna sauti. Ni kiwango cha chini kabisa ambacho sikio zima huweza kukitambua. Katika upande wa juu, maumivu huanza karibu na desibeli 120 hadi 130.

Kati ya mipaka hiyo, viwango vya kukadiria ni hivi:

- Mnong'ono: desibeli 30
- Mazungumzo ya kawaida: desibeli 60
- Barabara yenye msongamano mkubwa wa magari: desibeli 80 hadi 85
- Ukumbi wa dansi, karibu na spika: desibeli 100 au zaidi
- Mlio wa bunduki, kwa aliye karibu: zaidi ya desibeli 140

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi

Mashine mbili za kusaga nafaka zikiwa bega kwa bega, kila moja ikitoa desibeli 90, hazitoi desibeli 180. Hutoa 93 tu. Sababu ni kwamba kila nyongeza ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya sauti maradufu, na kila nyongeza ya desibeli 10 ni kuizidisha mara kumi. Lakini sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikiongezeka mara kumi, msikilizaji huhisi kana kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili tu. Hapo ndipo tunapodanganyika: tunazoea kelele ambayo mzigo wake kwa sikio ni mkubwa kuliko tunavyohisi.

Kiwango pamoja na muda

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: saa 20 kwa desibeli 83, saa 10 kwa 86, saa 5 kwa 89. Ikifika desibeli 100, zinabaki takriban dakika 20 kwa wiki nzima. Anayeshinda kando ya mashine ya kusaga au jenereta, na kijana anayelala na hedifoni masikioni, wote wawili wanatumia akiba hiyo hiyo.

Ndani ya sikio la ndani mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo, zinazogeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Kelele huzichosha, kisha huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Kwa kuwa maumivu huanza zaidi ya desibeli 120 na madhara huanza chini sana ya hapo, anayesubiri sikio limuume ndipo ajikinge amechelewa.

Mlipuko au risasi ni tofauti: tukio moja linaweza kudhuru papo hapo. Kwa hiyo aliyewahi kuwa karibu na mapigano, na ambaye sasa husikia mlio masikioni au hulazimika kuwaomba watu warudie maneno, anapaswa kumweleza mhudumu wa afya historia hiyo.

Sheria inasemaje

Kanuni za Uganda za kudhibiti kelele za mwaka 2003 ziliweka kiwango cha juu katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kwa maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, kama ilivyo mitaa mingi ya mijini, ziliweka 55 mchana na 45 usiku. Katika kanuni hizo, usiku ulihesabiwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Namna ya kujikinga

Kipimo rahisi hakihitaji kifaa. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, huenda kelele imefika desibeli 85. Sogea mbali: mahali pa wazi, kila umbali kutoka chanzo unapoongezeka maradufu, kelele hupungua kwa takriban desibeli 6. Pumzisha masikio, na kazini tumia vizibo maalumu. Pamba ya kawaida haikingi vya kutosha.

Sikio likiziba au kuacha kusikia ghafla bila sababu inayoonekana, usisubiri wiki zipite, kwani tiba hufaa zaidi ikianza mapema. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kinaweza kukuelekeza kwa wataalamu wa masikio, pua na koo katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Na mtoto asiyeitika aitwapo darasani achunguzwe masikio kabla hajaitwa mkaidi.