Virginia Woolf na shairi alilolipanga kwa mikono yake

Jumapili moja ya Juni 1922, mshairi T. S. Eliot alikula chakula cha jioni kwa waandishi Leonard na Virginia Woolf, nyumbani kwao Hogarth House, Richmond, pembezoni mwa London. Kisha akawaghania shairi lake jipya, The Waste Land. Siku chache baadaye Virginia aliandika maoni yake katika shajara: shairi ni zuri, maneno yake yana nguvu na mpangilio wake umekaza. Ila hakuwa na hakika ni nini kinachoziunganisha sehemu zake. Alichojua ni kwamba limemwachia hisia kali.

Hayo hayakuandikwa ili yachapishwe. Tangu Novemba 1918, Eliot alipowatembelea mara ya kwanza, Virginia alikuwa akimpima kimyakimya katika kurasa hizo. Alimwona kijana wa Kimarekani mwenye adabu na usemi wa taratibu, lakini ndani yake mna mtu mwenye misimamo mikali na imani yake mahususi kuhusu ushairi.

Shaka yake kuhusu shairi hilo haikumfanya amwepuke Eliot. Wakati huo Eliot alikuwa karani wa benki ya Lloyds, na Virginia alishiriki katika juhudi za kumchangia fedha ili apate nafasi ya kuandika. Mwaka 1923 akafanya kubwa zaidi. Yeye na mumewe walikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia vitabu, Hogarth Press, waliouanzisha mwaka 1917. Virginia akalipanga shairi lile lote, herufi moja baada ya nyingine, mistari zaidi ya 430. Zikatoka nakala zipatazo 460.

Mwaka uliofuata alisema hadharani alichokuwa amekionja faraghani. Katika insha yake Mr Bennett and Mrs Brown aliisifu mistari ya Eliot kwa uzuri wake, lakini akalalamika kwamba msomaji hulazimika kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine bila daraja.

Virginia alifariki mwaka 1941. Shajara zake zilichapishwa kwa ukamilifu katika juzuu tano kati ya 1977 na 1984, na thamani yake kwa wahakiki ni kubwa. Zinaonyesha msomaji aliyekiri kwamba hajaelewa, asikimbilie kusifu wala kubeza, kisha akalitumikia shairi hadi likawafikia wengine. Uhakiki unahitaji uaminifu wa namna hiyo: kusema shaka yako waziwazi, na bado kuipa kazi ya mwenzako nafasi ya kusomwa.