Muziki wa gari kwa laki tatu: anza na waya na milango, wufa ije baadaye

Hii ni kwa yule mwenye gari, au anayeendesha gari la tajiri, anayetaka muziki udunde na mfukoni ana laki tatu basi. Mi nilikuwa nazo laki tatu hizo, nikazichezea, ikabidi nianze upya. Kwa hiyo naandika nikiwa nimeshalipa ada.

Gari lilikuwa Probox ya baba mdogo, mchomoko wa Omurushaka kwenda Kaisho. Nilimwambia abiria wanapenda gari lenye mdundo, akakubali. Nikanunua amplifaya iliyoandikwa wati 1200 kwa 150,000, wufa ya inchi 12 na boksi lake 130,000, ikabaki 20,000 ya waya. Nikachukua waya wa nyumbani, ule wa 1.5 wa kufungia taa, nikaupitisha kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na abiria. Fyuzi niliona ipo kwenye amplifaya, nikajua imetosha. Wiki ya tatu, kwenye rafu rodi baada ya Nkwenda, bati likawa limeshaukata waya ngozi. Moshi ukatoka chini ya kapeti, miguuni pa mama mmoja aliyekuwa na mtoto. Abiria walishuka mbio, baba mdogo akafungua boneti akang'oa kichwa cha betri kwa koti lake. Hakuna aliyeumia. Hesabu ya siku hiyo na mbili zilizofuata hakuipeleka, na hiyo gari ndiyo inayosomesha watoto wake.

Sasa tuanze na ule uongo wa wati. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi huwa ni kilele cha sekunde chache, au ni rangi tu ya kiwandani. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kutoa mfululizo. Kama haijaandikwa, angalia fyuzi za amplifaya yenyewe. Jumlisha ampea zake, zidisha kwa 13.8 (volti za gari likiwa linawaka), kisha zidisha kwa 0.6, kwa sababu amplifaya nyingi za kawaida sehemu kubwa ya umeme unaobaki zinaugeuza joto. Ile yangu ya "1200" ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 20. Piga hesabu: inakuja wati 165 hivi. Nilinunua sifa.

Redio nazo hivyo hivyo. Ikiandikwa 50 x 4, ya ukweli kwa kila spika ni kama 15 mpaka 22. Wala si mbaya! Spika nzuri kwenye mlango ulioandaliwa vizuri na wati 20 za ukweli inaweza kukushangaza.

Na hapa kwenye mlango ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa, halafu ndipo watu wengi wanaparuka. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mlango wa gari una matundu makubwa ndani, hewa ya nyuma inapita humo inakutana na ya mbele, zinauana. Besi inapotea, unabaki na kelele za juu. Watu wanadhani spika ni mbovu wanakwenda kununua nyingine. Fungua ule ubao wa ndani wa mlango, safisha vumbi na grisi (vumbi letu mnalijua, bila kusafisha hakishiki kitu), halafu ziba matundu kwa ule utepe wa bitumini wenye karatasi ya alumini wanaozibia mabati yanayovuja. Bandika pia vipande kwenye bati la nje ili lisitetemeke. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango USIZIBE, ndiyo yanayotoa maji ya mvua. Kata duara la plaiwudi la milimita 18, lipake rangi ya mafuta lisinywe maji, spika ikae juu yake imekazwa bila kuacha upenyo. Kazi hii ilinila 20,000 na Jumapili moja.

Spika zenyewe: nunua za mbele kwanza, inchi 6 na nusu, ndizo Toyota nyingi zinazikubali. Za nyuma ziache kama zilivyo. Ukinunua za mtumba nenda na mita na betri ndogo ya saa ya ukutani. Spika ya omu 4 kwenye mita inasoma kama 3.2 mpaka 3.8. Ukiigusisha betri ya volti 1.5 inakohoa na karatasi yake inatoka mbele. Isukume kwa vidole taratibu pande zote mbili. Ukisikia inakwaruza, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei.

Haya, waya. Tuseme una amplifaya ya wati 50 za ukweli mara nne, jumla 200. Ikipigwa mpaka mwisho inavuta ampea 24 hivi. Kutoka betri mpaka nyuma ya Probox ni kama mita 5. Waya wa shaba wa 1.5 utapoteza volti 1.4 njiani, na hizo volti haziendi mbinguni, zinakuwa joto la wati 33 chini ya kapeti. Waya wa 2.5 unapoteza 0.8. Waya wa 10 unapoteza 0.2 tu, na huo ndio wa kununua. Kwangua ncha kabla ya kulipa: kuna nyaya nyingi za alumini zilizopakwa shaba juu, ndani ni nyeupe. Hizo zinapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Kama huna jinsi, chukua nene zaidi.

Fyuzi inayolinda waya inakaa kwenye betri, sio kwenye amplifaya. Hili ndilo lililotaka kutuchoma. Waya ukichubuka katikati na kugusa bodi, umeme wote wa betri unapita hapo bila kufika kwenye amplifaya, kwa hiyo fyuzi ya kule haijui kitu. Iweke ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri. Kwa mfano wetu, ya ampea 30 inatosha. Ikikatika usiweke waya wala karatasi ya sigara, tafuta kilichoikata. Na kila tundu la bati ambapo waya unapita liwe na mpira. Barabara ya Kyaka mpaka Bugene ina lami, lakini ukitoka kwenye lami gari linatikisika masaa mazima, na bati ni msumeno.

Waya wa negativu usiufunge kwenye boliti yenye rangi. Kwangua mpaka uone chuma, kaza, paka grisi. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta, kagua hapo kwanza, halafu hakikisha waya wa umeme umepita upande mmoja wa gari na zile nyaya za muziki upande mwingine.

Redio nitasema kwa kifupi. Magari yetu mengi yametoka Japani na redio zake zinaishia masafa ya 90, mpya mpya 95, wakati sisi FM yetu ni 87.5 mpaka 108. Ekspanda ni kidude kidogo cha kufunga kwenye waya wa antena, kinateremsha masafa. Kama ni ya 16, kituo cha 100.8 utakikuta kwenye 84.8. Redio iliyotengenezewa Marekani nayo inaruka mara mbili mbili kwenye witiri, 100.7 kisha 100.9, hivyo hiyo 100.8 huipati vizuri mpaka ubadilishe eneo kwenye mipangilio yake. Muuzaji hatakuambia. Usikatae redio ya zamani kama inapokea flashi, hapo si pa kumalizia mkwanja.

Wufa ikija baadaye, isije bila hesabu. Wufa mbili za omu 4 ukizifunga sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya isiyomudu hapo inachemka mpaka inazima. Ya inchi 12 kwenye boksi la kuziba inataka kama lita 30 za hewa, kwa plaiwudi ya milimita 18, na gundi kila kona. Ndiyo maana nashauri amplifaya ya chaneli nne toka mwanzo: mbili zinalisha milango leo, mbili unaziunganisha kuendesha wufa siku ukipata.

Halafu betri. Pale stendi wakati wa kupakia, injini imezimwa, muziki unalia. Betri ya ampea-saa 45 ukiivuta ampea 8 kwa masaa mawili umeshakula 16, na betri ya gari ikishuka chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Ndio mnawaona wenzetu wanasukumwa. Altaneta za hizi Toyota ndogo nyingi ziko kati ya ampea 60 na 80, na usiku taa kubwa peke yake zinakula karibu 10. Wati 200 zinabebeka. Hizo elfu mbili za matangazo hazibebeki.

Mara ya pili niliuza wufa, nikaongezea na ya kahawa msimu uliofuata. Spika za mbele 70,000, waya na fyuzi 65,000, milango 20,000, amplifaya ya mtumba ya chaneli nne 110,000, ekspanda 10,000, fundi wa kunisaidia kupitisha waya 25,000. Laki tatu kamili, wufa hamna. Baba mdogo alikaa siku nzima anashika kapeti kwa mkono kuona kama lina moto. Jioni akasema sauti ni safi ila besi haitoshi. Ni kweli, haitoshi.

Mwenye swali atupie hapo chini, ila aanze kwa kutaja gari, fyuzi za amplifaya yake na unene wa waya alioufunga. Na kama ni ule wa taa, achomoe kichwa cha betri kwanza ndio aje kuandika.