Amplifaya Ikinyamaza, Uliza Ni Waya Gani Umekatika

Matatu ikipita Bofu bila besi, watu wanageuka kuangalia kuna nini. Tumezoea kelele mpaka kimya ndicho kinatushtua. Lakini kimya cha matatu kina historia yake Kenya hii, na mtu anayeweza kukufunza kuisoma ni fundi wa sauti, yule wa kuinama chini ya kiti na mita mkononi. Tulia nikupangie.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mwaka 1930 Paul Galvin na kampuni yake ya Chicago walitoa redio ya gari wakaiita Motorola. Transista ikavumbuliwa 1947, kanda za Philips zikaja 1963, na 1973 Jim Fosgate, Mmarekani, akaanza kutengeneza amplifaya za gari. Shida aliyokuwa anaitatua ni hii: betri ya gari ni volti 12, na kwa hizo pekee redio ya dashibodi haitoi nguvu ya kusukuma spika kubwa. Kwa hivyo amplifaya inafanya kazi mbili. Inapandisha volti kwanza, halafu inakuza sauti.

Sasa cheki hii. Mwaka huo huo wa 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza matatu zibebe abiria bila ile leseni iliyokuwa inazibana. Kabla ya hapo zilikuwa zinapiga kazi kwa kujificha, nauli mapeni matatu, yaani senti 30, na ndio jina likatoka hapo. Amplifaya na matatu zilipata njia mwaka mmoja, mabara mawili tofauti. Baadaye zikakutana, tukapata nganya.

Fundi akiletewa amplifaya isiyotoa sauti, haifungui kwanza. Anafuata njia ya umeme, hatua kwa hatua. Je, volti 12 zimefika kwenye mguu wa umeme? Kama hazijafika, anaangalia fyuzi iliyo karibu na betri. Je, waya wa ethi umeshika bodi ya gari vizuri? Huku Likoni hewa ya chumvi inakula chuma, kwa hivyo mara nyingi kosa ni hapo: kutu chini ya boliti. Unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, unafunga upya. Je, waya wa rimoti, ule mwembamba unaotoka redioni, una volti 12 redio ikiwa on? Huo ndio unaoiambia amplifaya iamke. Je, signali inafika kupitia nyaya za RCA? Unazichomeka kwa chanzo kingine, hata simu, unasikiza. Mwisho taa ya protekti. Ikiwaka, unachomoa spika zote. Ikizima, amplifaya ni nzima, na kuna spika iliyoungua au waya wake unagusa bodi. Ikibaki imewaka na spika zote nje, hapo sasa ndipo unaifungua.

Kosa liko mahali pamoja, lakini kwa abiria kimya ni kile kile. Chukua hiyo akili uipeleke kwenye historia.

Mwaka 1990, wakati wa chama kimoja, umeme ulikuwepo na spika zilikuwepo. Kilichokatwa ni signali. Mwezi wa Mei mabanda ya Muoroto, Nairobi, yalibomolewa, na zikatoka kanda za nyimbo za kulalamikia serikali. Redio ya taifa haingezicheza hata kwa dawa. Matatu zikazicheza. Polisi wakaanza kukamata wauzaji wa kanda, karibu na ile Saba Saba ya Julai. Hebu fikiria: serikali nzima inaogopa kanda ndani ya gari la abiria. Hapo ndipo ujue hiyo haikuwa kelele tu.

2004 ilikuwa kimya kingine. Waziri John Michuki alileta sheria zilizoanza kazi 1 Februari: mikanda, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, yunifomu. Michoro ikafutwa, muziki mkubwa ukapigwa vita. Huo ulikuwa waya wa rimoti. Vifaa vilikuwepo, lakini ruhusa ya kuamka haikutoka. Na tuseme ukweli, mikanda na gavana viliokoa watu. Lakini mchoraji na fundi wa sauti walifungiwa kwenye kifurushi kimoja na dereva mwenye fujo, kama vile rangi ndiyo inayoua. Enzi ya Uhuru Kenyatta michoro ikaruhusiwa tena, na barabara haikuanguka.

Halafu 2009 zikaja kanuni za kelele chini ya NEMA. Hapa vijana wenzangu mtanichukia, lakini mimi hii naiita protekti. Amplifaya ikijizima kwa sababu waya umeguswa vibaya, haikuonei, inajilinda isiungue. Sikio likiharibiwa na kelele halina fundi. Kuna mama ana mtoto mchanga kiti cha nyuma, kuna mzee ametoka hospitali, na wao wamelipa nauli.

Shida yangu ni moja. Kelele inapimika, kuna mita za desibeli. Kumpima mtu na kumng'olea vifaa ni vitu viwili tofauti. Anayeng'oa nyaya zote bila kupima ni kama fundi anayebadilisha amplifaya nzima kwa sababu ya fyuzi: kazi anamaliza, lakini kosa halijui, na hasara unalipa wewe. Na huku kwetu hiyo hasara ina mtu. Ni yule kijana ambaye hana cheti, ana mita na bisibisi, na familia inakula kutokana na besi ya mtu mwingine.

Kwa hivyo siku mkiambiwa “zimeni muziki”, msikimbilie kutukana, na msikimbilie kuzima. Ulizeni: hii ni protekti, au kuna mtu anakata signali? Jibu la 1990 na jibu la 2009 si moja.