Mbweni, Fumba na Uwanja Ambao Unguja Inaudai

Kuta za skuli ya St Mary's bado zimesimama Mbweni, ufukweni kusini ya mji wa Zanzibar. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Paa halipo, na miti imejiotea ndani ya vyumba vya darasa. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba hilo mwaka 1871, wakawasomesha wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray, mwalimu wao aliyefika 1877, alizikwa papo hapo Mbweni mwaka 1926.

Ukishuka kusini zaidi, ukaipita Chukwani, unafika Fumba. Huko, yapata mwaka 1880, alizaliwa binti wa wazazi waliokuwa watumwa, akaitwa Mtumwa binti Saad. Yeye hakubahatika kupata darasa lolote. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akazunguka kuviuza, na inasimuliwa kwamba watu walianza kumtambua kwa namna alivyonadi bidhaa yake, kwa sauti iliyosikika kutoka mbali. Mwaka 1911 akahamia mjini. Jina la Siti alilipata huko.

Taarab ilikuwa ya kasri kabla yake. Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kupiga kanuni, na klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti akaiimba taarab kwa Kiswahili, tena akiimba mambo ya Ng'ambo, upande wa mji walikoishi wanyonge: mahakama, wanyonge, wanawake waliodhulumiwa. Wimbo wake wa "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke ambapo muuaji alikimbilia bara, kisha kifungo kikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Wasikilizaji wake hawakuhitaji kufafanuliwa, kesi waliijua. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake, akiwemo Subeit bin Ambar, walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na baada ya hapo sauti ya binti wa Fumba ilisikika katika mwambao wote. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, heshima ambayo wanamuziki wachache wa zama zile waliipata.

Kitabu kipo. Uwanja wa kumkumbuka je?

Mwanamuziki mwingine mzaliwa wa Unguja, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa mjini mwaka 1946. Sanamu yake ya shaba ilizinduliwa mwaka 1996 huko Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, na watu huenda kupiga picha mbele yake. Unguja ilimfungulia jumba la makumbusho Shangani mwaka 2019. Kinshasa nayo ina uwanja wa wasanii mtaani Matonge, na mwanamuziki Franco ana sanamu yake mjini humo.

Si kwamba Mji Mkongwe haujui kuchonga kumbukumbu. Pale Mkunazini, kando ya kanisa lililojengwa juu ya soko la zamani la watumwa, kuna kazi ya Msweden Clara Sörnäs: watu watano wa saruji ndani ya shimo, shingo zao zikiwa na minyororo halisi. Mgeni huinamia ukingo wa shimo kuwatazama usoni. Kwa hiyo maumivu yaliyowafikisha wasichana wale Mbweni yana mahali pake. Sauti iliyotoka katika maumivu hayo hayo, ya binti wa watumwa wa Fumba, nayo inastahili yake.

Wapo watakaosema sanamu za watu haziendani na desturi ya kisiwa cha Waislamu, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kumuenzi msanii hakulazimu sura yake. Kanuni, udi na dumbaki zikichongwa kwenye jiwe, zikiandikwa majina ya Siti, mwimbaji wa taarab Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013, Mohamed Ibrahim na wapigaji waliorekodi Bombay, kila mtoto atasoma na kuuliza.

Mahali panajulikana: Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan, mbele ya Ngome Kongwe ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likipigwa tangu mwaka 2004. Serikali, klabu za taarab na wafadhili wa Mji Mkongwe wakae pamoja, waanze na jina la Siti binti Saad.