Uga wa sumaku wa galaksi

Uga wa sumaku wa galaksi ni nguvu ya sumaku iliyotanda katika gesi baina ya nyota. Katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, una mikrogausi chache tu. Uga wa Dunia, unaoelekeza dira ya nahodha wa Lamu, karibu theluthi ya gausi, unauzidi mara makumi elfu. Hata hivyo, uga wa galaksi huzuia mawingu ya gesi yasiporomoke upesi kuwa nyota.

Nadharia inayokubalika zaidi kuhusu jinsi uga huu ulivyokua ni ya dainamo: uga hafifu wa mwanzo, ambao asili yake bado inabishaniwa, hukuzwa na msukosuko wa gesi yenye chaji, kisha hunyooshwa na mzunguko wa galaksi.

Mfano mzuri wa upimaji ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ionekanayo kwa macho kusini mwa anga la Lamu usiku wa Januari, wakati wa kaskazi. Mawimbi ya redio kutoka galaksi za mbali yakipenya humo, mwelekeo wa mtetemo wake huzungushwa na uga wa sumaku wa humo, na mawimbi marefu huzungushwa zaidi. Athari hii Michael Faraday aliigundua katika nuru mwaka 1845. Kwa njia hiyo, utafiti wa 2005 uliotumia darubini ya redio ya Australia ulipata uga uliopangika wa mikrogausi 1 hivi.